Barua ya wazi kwa wakubwa wa Chicago Bears: kabla hamjampima Caleb, mpimeni anayemwitia plei

Kwa Mwenyekiti George McCaskey,
Kwa Rais wa klabu Kevin Warren,
Kwa Meneja Mkuu Ryan Poles,
Halas Hall, Lake Forest, Illinois.

YAH: KWOTABEKI WETU CALEB WILLIAMS NA NAMNA TUNAVYOSHAMBULIA

Waheshimiwa, salaam.

Naandika barua hii Januari 2025, msimu wa mpira wa Kimarekani umeisha juzi tu kwa ushindi wa 24-22 kule kwa majirani zetu Green Bay tarehe 5, siku ambayo mmiliki wa timu, Bibi Virginia McCaskey, alikuwa anatimiza miaka 102, na kusema ukweli siku hiyo nililia sebuleni kwangu hapa Rogers Park maana wale majirani walikuwa wametufunga mara 11 mfululizo na watoto wangu walishaanza kuamini kwamba ndo sheria ya mchezo ilivyo. Bibi heri sana, Mungu amzidishie. Lakini ule ushindi mmoja usitufanye tusahau kwamba tumemaliza 5-12, yaani ushindi 5 na vipigo 12, kwamba tulianza 4-2 halafu tukafungwa mechi 10 mfululizo, na kwamba hata siku ya furaha tumeshinda kwa mkwaju wa yadi 51 wa Cairo Santos sekunde za mwisho.

Tumeshalalamika kwa njia zote tunazozijua. Watu wamepiga simu redioni mpaka watangazaji wamechoka. Tarehe 26 Desemba, tulipofungwa 6-3 na Seattle pale pale Soldier Field, uwanja ukaimba kwamba familia iuze timu. Mi sikuimba, kwa sababu hii timu aliianzisha Mzee George Halas mwaka 1920 na sioni kwa nini mjukuu wake asiweze kuirekebisha akiamua. Ndo maana naandika badala ya kuimba.

Na naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndo lugha ninayoitumia nikiipenda hii timu na nikiikasirikia pia. Jumapili tunakusanyika sisi Watanzania, Wakenya na ndugu zetu Wakongo, chai iko jikoni, theluji iko nje, tunaangalia Bears. Wakalimani Chicago wapo wengi, mkitaka kuelewa mtaelewa.

Kwa mnaosoma hii mkiwa Dar, Mombasa au Bukavu na hamuujui huu mchezo, nieleze kidogo. Kwotabeki ndo yule anayepokea mpira mwanzo wa kila shambulizi na ana kama sekunde tatu hivi aamue, arushe kwa nani, amkabidhi mkimbiaji, au akimbie nao mwenyewe. Mbele yake wapo wanaume watano wenye miili mikubwa wanaomkinga, huo ndo ukuta. Kila shambulizi linaitwa plei, na mara nyingi plei hachagui yeye, anaichagua kocha aliyeko pembeni ya uwanja au juu kwenye chumba cha vioo, na inamfikia kwa kispika kidogo kilichomo ndani ya helmeti. Una majaribio manne, yanaitwa dauni, ya kusogea yadi 10, ukishindwa mpira unakwenda kwa wenzio. Kwahiyo mkiona kwotabeki kaangushwa na mpira uko mkononi, swali la kwanza lisiwe "huyu dogo vipi", liwe nani alimtuma pale na kwa mpango gani.

Sasa waheshimiwa, malalamiko yangu ni haya.

1. Mmewalea vijana watatu kwa mtindo ule ule

Mwaka 2017 mlipanda kutoka nafasi ya 3 mpaka ya 2 kwenye drafti, pale timu zinapochagua kwa zamu vijana wanaotoka vyuoni, mkamchukua kwotabeki Mitchell Trubisky, Patrick Mahomes, kwotabeki ambaye baadaye akawa nyota wa ligi, akiwa bado hajachukuliwa na mtu. Hilo la Mahomes mi nimeshalimeza. Ninachouliza ni hiki: mlimkabidhi Trubisky kwa John Fox, kocha ambaye kila mtu mjini alijua yuko njiani kuondoka, na msimu ulipoisha mkamfukuza, akaja Matt Nagy na mfumo wake mpya, kijana akaanza darasa la kwanza upya.

2021 mkapanda tena mpaka nafasi ya 11 kwa ajili ya Justin Fields. Safari hii Nagy ndo alikuwa njiani kuondoka. Mechi ya kwanza ya Fields kuanza ilikuwa Cleveland tarehe 26 Septemba 2021, na hiyo mechi sitakaa niisahau, dogo aliangushwa mara 9, na ukitoa yadi zilizopotea kwa kuangushwa timu nzima ilipata kwa pasi yadi 1. Yadi moja kwa mechi nzima! Siku ile hakukuwa na mpango wa kumtoa nje ya kundi la watu waliokuwa wanamvamia, hakukuwa na msaada kwenye kona, ni yeye na mvamizi wao Myles Garrett tu. Msimu ukaisha, Nagy akaondoka, akaja Matt Eberflus, mfumo mwingine. Mwaka uliofuata Fields alikimbia na mpira yadi 1,143 kwa miguu yake na nyinyi wote mnajua nyingi ya zile mbio hazikupangwa, alikuwa anawakimbia watu. Halafu ikasemwa hajui kupasi na Machi 2024 akapelekwa Pittsburgh kwa nafasi ya raundi ya sita.

Na 2024 mkamchukua Caleb Williams, namba 1 ya drafti nzima, mkampa Eberflus ambaye alikuwa ametoka kumaliza 7-10. Ijumaa ya tarehe 29 Novemba, msimu haujaisha, Eberflus hayupo. Hapo ndo ikawa mara ya kwanza kwa Bears kumfukuza kocha mkuu katikati ya msimu, kwahiyo hata mkiwa na haraka mlichelewa.

Vijana watatu, na kila mmoja mwaka wake wa kwanza umeisha kocha akifukuzwa. Mtoto gani anasoma hivo? Anaanza na mwalimu mmoja, anafika nusu ya kitabu mwalimu anaondoka na kitabu chake, anakuja mwingine anasema yale uliyojifunza yasahau, halafu matokeo yakitoka mbaya tunasema mtoto hana akili.

2. Plei za msimu huu

Hapa ndo roho inaniuma zaidi na mtanivumilia nitakuwa mrefu.

Tarehe 22 Septemba, Indianapolis. Dauni ya nne, mpira uko yadi 1 tu kufika. Yadi moja ni hatua ya mtu mzima. Unaweza kumwambia kwotabeki ajisukume nyuma ya ukuta wake, unaweza kurusha pasi fupi, vyote sawa. Shane Waldron, aliyekuwa anaita plei, akaita mbio za pembeni, kwotabeki anakimbia sambamba na mstari halafu anamtupia mkimbiaji wetu D'Andre Swift nyuma yake, na Swift akaangushwa yadi 12 nyuma. Ulikuwa unahitaji 1 ukapoteza 12. Tulifungwa 21-16 siku hiyo, Caleb alirusha pasi 52 akiwa kwenye mechi yake ya tatu ya maisha kwenye hii ligi, na Jumatatu watu wakawa wanajadili kwamba wapinzani wamemnyang'anya pasi mbili. Pasi 52! Kwa mgeni, mchezaji wa mwaka wa kwanza! Hivi nani aliona hiyo ni sawa?

Tarehe 27 Oktoba, Washington. Watu wote wanaikumbuka hii kwa ile pasi ya mwisho, ile Wamarekani wanayoiita Salamu Maria kwa sababu ukishaitupa unabaki kusali, kwotabeki wao Jayden Daniels akaitupa yadi 52, ikagongwa hewani ikamwangukia mpokeaji wao Noah Brown, tukafungwa 18-15, na beki wetu mmoja wakati plei inaanza alikuwa kageukia mashabiki. Sawa. Lakini mi naikumbuka ile ya kabla. Dauni ya tatu, robo ya nne, yadi 1 tena. Mnaye Swift ambaye siku hiyo hiyo alikuwa ameshakimbia yadi 56 mpaka mwisho wa uwanja. Mnaye Roschon Johnson, kijana mzito aliyesajiliwa kwa kazi hiyo hiyo ya yadi moja. Plei iliyoitwa ni kumkabidhi mpira Doug Kramer, mtu wa ukuta, mtu ambaye kazi yake ni kusukuma watu na sio kubeba mpira, na mpira ukaponyoka pale pale wakati wa kukabidhiana. Nilisimama sebuleni nikashika kichwa, jirani yangu Mkongo ambaye huu mchezo ana miaka miwili tu nao akaniuliza, "Kaka, yule mnene naye hukimbiaka?" Hakimbiagi ndugu yangu. Sio kazi yake.

Wiki mbili zilizofuata, Arizona 29-9 na New England 19-3, hatukupata tachidauni, yaani kufikisha mpira mwisho wa uwanja, hata moja. Mechi mbili nzima. Mechi ya New England ilikuwa nyumbani na Caleb aliangushwa mara 9, idadi ile ile ya Fields kule Cleveland, miaka mitatu baadaye, makocha wengine, jezi ile ile. Tarehe 12 Novemba mkamwondoa Waldron, na mlifanya vizuri, lakini angalieni kilichotokea baada ya hapo kwa sababu ndo ushahidi wangu mkubwa.

Thomas Brown akapewa kazi ya kuita plei. Hakuleta mchezaji mpya hata mmoja. Ukuta ni ule ule wenye viraka, kwotabeki yule yule. Alichofanya ni kuanza kumpa Caleb pasi za haraka, mpira unatoka mkononi kabla wavamizi hawajafika, na kumwacha atumie miguu yake pale inapobidi. Mechi tatu zilizofuata, Green Bay 20-19, Minnesota 30-27 kwenye muda wa nyongeza, Detroit 23-20, tukafungwa zote tatu kwa jumla ya pointi 7, dhidi ya timu tatu zilizoingia mtoano, na Caleb hakunyang'anywa pasi hata moja. Na Minnesota, ambao walinzi wao wanajulikana nchi nzima kwa kuwachanganya wageni, aliwarushia yadi 340. Mtu habadiliki kiasi hicho kwa wiki moja. Kilichobadilika ni anachoambiwa sikioni.

Halafu mkampandisha Brown kuwa kocha mkuu wa muda, akawa amebadilisha cheo mara mbili ndani ya wiki tatu, na mechi iliyofuata, San Francisco, mpaka mapumziko timu nzima ilikuwa imesogea yadi 4. Yule mtu mmoja aliyekuwa amepata dawa mkamwongezea mizigo ya hospitali nzima. Simlaumu Brown hata kidogo.

3. Ukuta

Mara 68. Caleb ameangushwa mara 68 kwa mechi 17, yaani mara 4 kamili kila mechi. Rekodi ya ligi ni 76, ya David Carr wa Houston mwaka 2002, naye alikuwa mgeni, naye alichukuliwa namba 1, na kila anayefuatilia huu mchezo anajua Carr hakuwahi kuwa yule aliyetarajiwa. Hilo jina likitajwa karibu na jina la dogo wetu mi nakosa usingizi. Mlijua mapema, maana wiki ya pili tu Houston walimwangusha mara 7.

Mlimnunulia wapokeaji wazuri, nakubali, DJ Moore alikuwepo, mkamleta Keenan Allen, mkamchukua Rome Odunze namba 9. Ila ni sawa na kununua gari zuri halafu barabara hakuna. Mpokeaji anahitaji sekunde tatu kufika anakotakiwa na kwotabeki anapewa mbili.

4. Saa

Hili nitalisema kifupi kwa sababu likinikumbusha nakosa hamu ya kula. Novemba 17, Green Bay, zimebaki sekunde 35, tuna taimauti moja, yaani haki ya kusimamisha saa, mpira uko mahali ambapo bado tungeweza kusogea. Tukakimbia plei moja tukaacha saa iishe ili Santos apige yadi 46. Ukapanguliwa. Siku ya Thanksgiving Detroit, tuko nyuma pointi 3, Caleb kaangushwa, zimebaki kama sekunde 32 na taimauti tunayo mfukoni, nchi nzima inaangalia, na benchi limenyamaza. Dogo anahangaika kuwapanga wenzake, mpira unaanza zikiwa zimebaki sekunde 6, anarusha mbali, inaanguka, mchezo umekwisha na taimauti tumerudi nayo nyumbani. Mgeni wa miaka 23 aliachwa peke yake na saa, na kuna watu wazima zaidi ya 20 pale pembeni wanaolipwa.

5. Namna mnavyompima

Sitaki mseme huyu Mswahili anampenda tu Caleb haoni makosa. Nayaona. Anakaa na mpira muda mrefu, kwenye zile 68 zipo ambazo ni zake mwenyewe kabisa, alitakiwa autupe nje ya uwanja aishi kwa ajili ya dauni inayofuata, lakini anaamini atamponyoka kila mtu kama alivyokuwa anafanya chuoni USC alikochukua tuzo ya Heisman, ya mchezaji bora wa vyuo, 2022. Pasi zake za mbali msimu huu zilikuwa zinapita juu ya watu, Moore au Odunze wako wazi kabisa na mpira unakwenda yadi mbili mbele yao. Mwanzo wa mechi anachelewa kupata joto. Hayo yote yaandikeni kwenye daftari lenu na mumwambie bila kumbembeleza.

Ila andikeni na haya. Yadi 3,541, tachidauni 20 za pasi, kanyang'anywa mara 6 tu. Alirusha pasi 353 mfululizo bila kunyang'anywa, hakuna mgeni mwingine kwenye historia ya ligi aliyefika huko. Hakukosa mechi hata moja pamoja na kipigo chote hicho. Na tukumbuke tunaongelea klabu gani, klabu ambayo haijawahi kupata kwotabeki wa kufikisha yadi 4,000 kwa msimu, sisi peke yetu kwenye timu 32, rekodi yetu bado ni ya Erik Kramer, yadi 3,838, mwaka 1995. Kijana kaja, kocha wawili, waita plei wawili, ukuta unavuja, na bado amefika karibu na rekodi ya miaka 29.

Kwahiyo mizani iwe hii: makosa anayoyafanya akiwa na muda na plei inayoeleweka ni yake. Makosa anayoyafanya sekunde ya pili watu wawili wamemshika miguu sio yake. Mkichanganya hayo mawili mtampeleka Pittsburgh na huyu.

Najua majibu yenu yatakuwaje, nimeshayasikia miaka 18 niliyokaa hapa.

Mtasema alikuwa mgeni, tuvute subira. Daniels naye ni mgeni, kachukuliwa namba 2 nyuma yake, Washington wamemaliza 12-5. Bo Nix mgeni, Denver 10-7. Tofauti yao na wetu ni kwamba wale walipokelewa na watu wanaojua wanachofanya, Nix yuko kwa Sean Payton, Daniels yuko kwa Kliff Kingsbury, na Kingsbury huyu huyu alikuwa USC na Caleb mwaka 2023 na nyinyi mlimfanyia usaili kabla hamjampa kazi Waldron. Hiyo siwezi kuisema bila kuvuta pumzi kwanza.

Mtasema Chicago ni baridi, upepo wa ziwa, hapa ni mji wa kukimbia na kulinda, kama msimu wa 1985 tuliochukua ubingwa. Jamani. Green Bay iko kaskazini yetu na baridi yao inazidi ya kwetu. Brett Favre karusha mipira pale tangu 1992, MVP, yaani mchezaji bora wa ligi, mara tatu, akampokea Aaron Rodgers, MVP mara nne, sasa Jordan Love. Baridi ni ile ile. Na kama ni historia basi tuanze na kwotabeki wetu wa zamani Sid Luckman, maana Mzee Halas ndo aliyewafundisha Wamarekani namna mpya ya kutumia kwotabeki, mpaka mwaka 1940 tukawafunga Washington 73-0 kwenye fainali. Kurusha mpira sio ugeni kwetu, tumeusahau tu.

Mtasema majeruhi. Kila timu inao, ndo maana ukuta unawekewa watu wa akiba wa maana.

Mtasema tumeshafukuza, mnataka nini tena. Kufukuza mmefukuza sana, Trestman, Fox, Nagy, Eberflus, wote tangu 2013. Nataka safari hii muajiri vizuri.

Na habari za uwanja mpya, mara Arlington Heights ambako mlinunua kiwanja kwa dola milioni 197 mwaka 2023, mara pembeni ya ziwa tena, mi sina neno, jengeni. Ila naomba zisije zikawa ndo jibu la swali la kwenye uwanja wa sasa.

Ndugu Poles, kwako nina neno la peke yake kwa sababu ulichofanya Machi 2023 na Carolina, kuwauzia nafasi ya kwanza ukapata DJ Moore na nafasi ambayo baadaye imekuwa Caleb, ni biashara nzuri kuliko zote nilizoziona hapa. Jicho unalo. Ndo maana nashindwa kuelewa mtu mwenye jicho hilo alimkabidhije Caleb kwa benchi lile.

Ninachoomba:

Kwanza, kocha mkuu awe mtu wa ushambuliaji anayeita plei mwenyewe. Tukimchukua kocha wa ulinzi halafu mwita plei wake akafanikiwa, mwaka unaofuata timu nyingine itamchukua awe kocha mkuu na Caleb ataanza darasa la kwanza mara ya tatu. Ben Johnson, anayeita plei za Detroit, yuko mwendo wa kama masaa manne na nusu kwa gari kutoka hapa, mmemwona mara mbili kila mwaka anavyotufanya, kwotabeki wake Jared Goff ambaye Los Angeles walimwona hafai leo anarusha kama mfalme. Mlipeni anachotaka. Akikataa, mtafuteni wa aina yake, msirudi kwenye mazoea.

Pili, pesa na nafasi za drafti za mwaka huu zianzie kwenye ukuta, katikati kabisa, wale watu watatu wa kati, gadi wawili na senta, kabla ya mpokeaji mwingine yeyote wa kupendeza kwenye mabango.

Tatu, muda wa Meneja Mkuu, kocha na kwotabeki uende pamoja. Mkimwamini kocha mpya mpeni miaka mitatu na mfumo mmoja na mtangaze hivo hadharani, ili Novemba tukianza kupiga kelele sisi mashabiki, maana tutapiga, muwe mmeshajifunga.

Nne, awepo mtu mmoja pembeni ya uwanja ambaye kazi yake ni saa na taimauti, na tumjue.

Tano, msimu ujao ukiisha, Caleb apimwe kwa mizani niliyoitaja namba 5, na akishindwa akiwa na ukuta na mwalimu mmoja mwaka mzima, nitakuwa wa kwanza kukubali.

Nasubiri jibu la hadharani kabla ya mechi ya kwanza ya Septemba: nani anaita plei, amepewa miaka mingapi, na ni akina nani watasimama katikati ya ukuta mbele ya namba 18. Jumapili hiyo chai itakuwa jikoni kama kawaida na sisi tutakuwepo.

Kwa heshima,

Mshabiki wenu, Rogers Park, Chicago
Januari 2025